Vibao Vyeupe na Vyekundu

Kwa miezi saba Chiriku aliimwagilia maji ile mimea, na kwa miezi saba hakuitazama hata siku moja. Alisoma vibao. Hilo ndilo jambo ambalo hakulitambua mpaka lilipokwisha kumponyoka: kwamba kusoma kibao kilichochomekwa kwenye udongo ni jambo moja, na kuujua mmea uliosimama kando yake ni jambo jingine kabisa.

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alipachikwa na shangazi yake, kwa sababu alikuwa akiamka na maneno na kulala nayo. "Mdomo wako ungekuwa mpira wa maji," Shangazi alizoea kumwambia, "kitalu hiki kisingengoja mvua." Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na hakuonekana nyumbani zaidi ya siku nne kwa mwezi, hivyo malezi yote yalikuwa mikononi mwa Shangazi.

Shangazi alikuwa kibarua katika kitalu cha chuo. Alikuwa kibarua kwa miaka tisa. Wanafunzi wakitaka kujua kwa nini mche fulani umenyong'onyea, walimwita yeye. Walimu wakitaka udongo mwepesi wa kusia mbegu ndogo, walimwita yeye. Lakini orodha ya waajiriwa ilipobandikwa ukutani kila mwaka, jina lake halikuwamo. Mwaka huo, mkuu wa kitalu alikuwa anastaafu, na kwa mara ya kwanza Shangazi alikuwa ameambiwa aombe nafasi hiyo. Mtihani wake haukuwa wa karatasi. Ulikuwa juu ya meza ya mbao, chini ya wavu wa kivuli: vyungu ishirini na vinane.

Kumi na vinne kati ya hivyo vilikuwa na mmea ambao kitaluni waliuita majani-nyota, kwa sababu majani yake hayakai mawili mawili kama ya mimea mingi, bali sita, saba au manane kwa pamoja, yakilizunguka shina kama miale. Jina lake la kisayansi ni Galium odoratum. Ni mmea mfupi wa kivulini, usiopenda jua kali wala kiu, na mbegu zake zina kiburi: Shangazi alizisia mia mbili baada ya kuziweka majuma kadhaa katika jokofu la maabara, akangoja miezi, na zilizoota hazikuzidi kumi na nne. Vyungu hivyo vilikuwa na vibao vyeupe.

Vyungu vingine kumi na vinne vilikuwa na ndugu yake, gugu liitwalo king'ang'anizi. Nalo lina majani ya nyota, shina la pande nne na maua madogo meupe. Chuo kilitaka yote mawili yakuzwe pamoja ili wanafunzi wajifunze kutofautisha mapacha hao wasiolingana tabia. Hayo yalikuwa na vibao vyekundu.

Kila asubuhi kabla ya shule Chiriku alijaza ndoo ya kumwagilia, akapitisha mvua laini juu ya meza, vyeupe kwanza, vyekundu baadaye, huku akisimulia ndoto zake. Shangazi alikuwa akisikiliza na huku akipitisha kidole gumba juu ya mashina, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu shanga.

"Shangazi, kwani huyu ana uzuri gani hata chuo kizima kimngoje?"

"Harufu. Ni kama majani makavu yaliyokatwa juzi, ila tamu zaidi. Lakini usimnuse sasa, kwa sababu yeye—"

"Kama nyasi, basi. Shangazi, jana mwalimu wa hesabu alianguka kwenye kiti."

Nayo hadithi ya mwalimu na kiti ikaimeza sentensi ya Shangazi.

Siku kumi na mbili kabla ya ukaguzi wa vyungu hivyo, habari zilikuja kwamba Bibi, mama yake Shangazi, amelazwa hospitalini na hali si nzuri. Shangazi alifunga nguo zake katika mkoba mmoja. Chiriku angelala nyumbani kwa jirani, kwa akina rafiki yake ambaye darasa zima lilimwita Mwanasheria, msichana asiyekubali jambo bila kulipinga kwanza.

"Nisikilize, na mdomo uufunge kidogo," Shangazi alisema wakiwa mlangoni mwa kitalu. "Maji asubuhi na jioni. Jumamosi ya juma lijalo ng'oa vyekundu, kwa maana karibu vitatoa mbegu, na mbegu zake zikisambaa tutang'oa hadi wajukuu. Bakiza viwili vya mfano. Ukibeba kwa toroli, usizidishe vyungu sita. Una swali?"

"Sina, Shangazi."

"Ukiwa nalo, simu ipo."

Alhamisi jioni ya juma lililofuata, mawingu ya mvua kubwa yalikusanyika, na Chiriku aliamua kuihamishia mimea yote chini ya paa la ghala. Mwanasheria alikuwa naye.

"Amesema sita," Mwanasheria alimkumbusha.

"Sita mara tano ni safari tano. Mvua itakuwa imeshafika tukiwa safari ya pili. Sheria inasemaje kuhusu dharura?"

"Dharura ina kifungu chake," Mwanasheria alikiri, akasaidia kupanga.

Walipanga vyungu vyote ishirini na vinane. Toroli lilikwenda vizuri hadi kwenye kizingiti cha ghala, na hapo gurudumu lilikwama, mipini ikawaponyoka, na mzigo wote ukalala ubavu. Mimea haikukatika, udongo ulimwagika nusu tu. Lakini vibao, vyeupe na vyekundu, vilitawanyika sakafuni kama karata za mchezo.

Walirudisha udongo. Walipomaliza, walikuwa na vyungu ishirini na vinane vizima na vibao ishirini na vinane visivyo na wenyewe.

"Hiki ni kipi?" Mwanasheria aliuliza, akinyanyua kimoja.

Chiriku alikitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukitazama. Akakitazama tena, na moyo wake ukashuka taratibu kama ndoo kisimani.

"Mpigie," Mwanasheria alisema.

"Bibi ni mgonjwa. Nimpigie nimwambie nimepindua toroli aliloniambia nisilijaze?"

"Ndiyo."

"Wewe ungempigia mama yako?"

Mwanasheria aliinama akaanza kuokota vibao.

Ukweli ni kwamba Shangazi mwenyewe alipiga jioni hiyo hiyo, kama alivyopiga kila jioni. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nyuma yake milio ya vitanda vya hospitali ilisikika.

"Vipi wanangu wa kitaluni?"

"Wazima, Shangazi."

"Mvua haikuwapiga?"

"Niliwaingiza ndani."

"Ahsante, mama. Wewe ndiye jicho langu huko."

Kila neno alilolisema Chiriku lilikuwa la kweli. Hakusema uongo hata mmoja, na alilala akijifariji kwa jambo hilo, ingawa usingizi haukuona faraja yoyote ndani yake.

Jumamosi asubuhi walivitenga vyungu kwa sura. Haikuwa kazi ngumu, maana baada ya kuvitazama vizuri makundi mawili yalijitokeza yenyewe. Kundi moja lilikuwa refu, limenawiri, likitambaa hadi nje ya ukingo wa chungu. Ukipitisha mkono, lilikukamata shati kana kwamba linakusihi usiondoke. Jingine lilikuwa fupi, pole, la kijani kibichi kilichokolea, mashina yake laini.

"Tupate ushahidi," Mwanasheria alisema. "Amesema lina harufu ya nini?"

"Nyasi zilizokatwa. Tamu."

Walisugua jani la kundi refu vidoleni wakanusa: lilinuka ubichi wa nyasi. Walisugua la kundi fupi: halikunuka kitu chochote.

"Kesi imekwisha," Mwanasheria alisema, lakini sauti yake ilishuka mwishoni. "Au umuulize tu? Ni simu ya dakika moja."

"Mmea uliongojwa mwaka mzima na chuo kizima," Chiriku alijibu, "utakuwa huu wenye afya, si hivi viyatima."

Basi alichukua kumi na viwili kati ya vile vifupi, akavigonga chini ya kitako kimoja kimoja, akang'oa mimea, akaikung'uta udongo na kuitupa juu ya sakafu ya saruji nyuma ya ghala, mahali jua linapochoma magugu yasiote tena. Alibakiza viwili vya mfano, akavichomekea vibao vyekundu. Vile virefu alivipa vyeupe. Alifanya kazi yote kwa usafi na umakini, wala hakupumzika hadi alipomaliza. Na huo ndio uchungu wa jambo hili, kwamba ufundi wote aliofundishwa aliutumia kuua alichopewa akitunze.

Bibi alipata nafuu. Shangazi alirudi siku ya ukaguzi yenyewe, akatoka kituoni hadi kitaluni na mkoba wake begani, akawakuta wakaguzi wameshafika. Walikuwa wawili: Afisa wa utumishi, aliyekumbatia faili, na Daktari wa mimea, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Chiriku alikuwa amesimama kando ya meza, sare yake imepigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo.

Daktari alikuwa ameinama juu ya vyungu vyenye vibao vyeupe. Aliponyanyuka, tawi moja lilinyanyuka naye, limeshika mkono wa gauni lake. Alilibandua polepole.

"Mama," alimwambia Shangazi baada ya salamu, "hebu njoo ushike shina hili."

Shangazi alilishika kwa kidole gumba. Kwenye shina la king'ang'anizi kuna vijiba vilivyopinda kama kulabu, vidogo visivyoonekana kwa haraka, lakini kidole huviona. Kidole chake kilisimama. Akashika la pili, la tatu, la kumi. Kisha alimtazama Chiriku, na Chiriku akatazama viatu vyake.

"Vimebadilishana vibao," Shangazi alisema. Aliviendea vile viwili vyekundu, akapitisha kidole, akavuta pumzi. "Hawa hapa. Ndio hawa."

Daktari naye alishika. Alichungulia kwa lenzi yake chini ya nyota ya majani, akaona kishada cha vinywele vidogo kilicholizunguka shina. "Ndio wenyewe. Lakini ni wawili, Mama, na wako chini ya kibao cha gugu. Kitalu kinachokosea kibao ni kama duka la dawa linalokosea chupa."

Afisa alifungua faili. "Tuseme miaka tisa haijatosha kujua gugu na mmea?"

Hapo kulikuwa na nafasi. Ilikuwa kama upana wa pumzi tatu au nne, na Chiriku aliiona wazi kabisa: nafasi ya kusema, si yeye, ni mimi. Yeye aliyekuwa na neno kwa kila kitu alingoja neno lije. Halikuja.

"Kitalu nimekabidhiwa mimi," Shangazi alisema. "Kilichomo ndani yake ni changu, kizuri na kibaya."

Afisa akaandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi kwa muda mrefu.

Wakaguzi waliondoka. Shangazi aliweka mkoba chini akaenda nyuma ya ghala, na Chiriku akamfuata kwa mbali. Hata kabla ya kukunja kona, harufu iliwapokea. Ilikuwa harufu ya majani makavu, lakini yenye utamu wa asali na vanila ndani yake, tulivu na nzito, imejaa uwanja mzima mdogo wa saruji. Ilitoka kwenye lundo la mimea kumi na miwili iliyokauka juani.

Shangazi alichuchumaa, akaokota mmoja, ukavunjika mkononi mwake.

"Akiwa mbichi hanuki," alisema. "Hutoa harufu akinyauka. Ndiyo sentensi niliyokuwa nakuambia siku ile."

Chiriku alianza kulia. Alieleza yote: mawingu, toroli, vibao, majani waliyosugua vidoleni. Alieleza bila mpangilio na mara mbili mbili. Shangazi alimwacha amalize.

"Toroli hupinduka," alisema hatimaye. "Mimi mwenyewe nimepindua la matofali, likamwangukia fundi bomba mguuni, hadi leo akiniona anakaa upande wa pili wa barabara. Vibao kuchanganyika, ningekwambia kwa simu: pitisha kidole. Maneno mawili. Lakini nilikupigia jioni ngapi, Chiriku?"

"Kumi na moja."

"Na baada ya toroli?"

"Tano."

"Mara tano nimekuuliza wanangu hawajambo, na mara tano umenijibu wazima." Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Siulilii mmea. Nakulilia wewe."

Hakumkumbatia. Alichukua fagio akaanza kulikusanya lundo.

Kesho yake baada ya masomo, Chiriku alikwenda peke yake ofisini kwa Daktari wa mimea. Mwanasheria alijitolea kumsindikiza na kumtetea, naye akamjibu kwamba hapakuwa na la kutetewa. Alisimama mbele ya meza, akasema yote kwa mpangilio safari hii, tangu mawingu hadi kimya chake mbele ya Afisa.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Nafasi imeshatolewa," alisema. "Barua ilisainiwa asubuhi, amepewa kijana mmoja mwenye stashahada. Nitaandika haya uliyoniambia na kuyatia kwenye faili la shangazi yako, ili yeyote atakayelifungua ajue kosa halikuwa lake. Hayatabadilisha barua. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kama ungesema jana, pale pale mezani, pengine yangebadilisha. Sikwambii ili nikuumize. Nakwambia kwa sababu ni kweli, na leo umekuja kutafuta ukweli."

Aliinuka, akampeleka chumba cha pili, mahali mimea iliyokaushwa inapohifadhiwa ikiwa imebandikwa juu ya karatasi ngumu. Alivuta droo ya chini kabisa. Kila karatasi humo ilikuwa na tawi lililotandazwa vizuri, tarehe, mahali lilipochumwa, na pembeni, penye nafasi ya jina, palikuwa pameandikwa kwa wino: *Haijatambuliwa*.

"Hizi ni zako?" Chiriku aliuliza.

"Nyingi ni zangu. Hii nimekaa nayo miaka kumi na sita. Nina shahada tatu, mwanangu, na sijui ni nini. Ningeweza kuibandika jina linalofanana, droo ingependeza, na kila aliyekuja baada yangu angepotea kwa kunifuata mimi." Aliirudisha droo taratibu. "Katika kazi yetu 'sijui' si aibu. Ni jibu, linaandikwa kwa wino na kutunzwa, maana aliyeandika 'sijui' amemwachia mwenzake mlango wa kuuliza. Aibu ni kuandika jina ambalo huna hakika nalo, na kunyamaza ukiulizwa. Ulipopoteza vibao, hukupoteza mimea. Ulikuwa bado unayo yote kumi na minne. Uliipoteza ulipoona afadhali ukisie kuliko kumwambia mtu kwamba hujui."

Chiriku aliitazama droo iliyofungwa. Alikuwa akijifunza, kwa kuchelewa, kwamba si kila kimya kinahitaji kujazwa.

Ile mimea miwili iliyobaki ilipona. Majani-nyota hutambaa chini ya udongo kwa vijishina vyembamba, na kila kipande chenye chipukizi kikikatwa kwa uangalifu huweza kuwa mmea. Jumamosi kwa Jumamosi Shangazi na Chiriku walipekua udongo kwa vijiti, wakakata, wakapanda kivulini, wakanyunyizia. Vipande vingine vilioza. Mwanasheria aliwekwa kwenye kazi ya kuandika tarehe, akapinga tarehe mbili na katika moja alikuwa sahihi. Kufikia mwisho wa mvua walikuwa na vyungu tisa, na Chiriku aliweza kumtofautisha majani-nyota na king'ang'anizi akiwa amefumba macho, kwa kidole gumba tu. Chuo kilivipokea vyungu hivyo kwa jina la mkuu mpya wa kitalu, yule kijana mwenye stashahada. Ni kijana mpole. Humwita Shangazi kila asubuhi kumwuliza kwa nini mche fulani umenyong'onyea.

Shangazi ni kibarua bado. Huu ni mwaka wa kumi. Hajawahi kulitaja tena jambo lile, wala hajalirusha kwa mafumbo, wala Chiriku hajanyimwa ndoo ya maji hata siku moja. Asubuhi wanakwenda pamoja kama zamani, na Chiriku anaongea njia nzima.

Ila sasa Shangazi akiuliza kama mimea ni mizima, humsikiliza Chiriku hadi mwisho, humshukuru, kisha huenda kutazama mwenyewe.